Chuo Kikipungukiwa Hazina, Mchezo Upi Ubaki?

Barua za mwezi huu zimegusa jambo moja kwa pande mbalimbali, nalo ni hatima ya michezo katika vyuo vikuu vya Marekani vyenye ukubwa wa kati, ambavyo kwa miaka mingi vimewasomesha vijana wetu kwa nguvu za miguu yao. Nimechagua barua 4, na ile ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu imebeba kiini cha mengine yote.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzazi kutoka Kapsabet. Kijana wangu wa pili ameanza kuandikiwa na makocha wa vyuo vya Marekani. Nimesoma kwamba Chuo Kikuu cha Washington State, alikosoma marehemu Henry Rono, mwaka 2025 kilifuta michezo ya kuruka na kurusha, kikapunguza mbio fupi na za viunzi, na kuamua kubaki na mbio ndefu. Jirani zangu wanasema hii ni habari njema kwetu. Je, ni kweli? Na vyuo vya kiasi hicho vinaelekea wapi na michezo yao?

JIBU: Mzee wangu, nakushukuru kwa swali lako, na nitakujibu bila kuzunguka: mimi sikuifurahia habari hiyo, ingawa naelewa kwa nini jirani zako wameipokea kwa shangwe.

Kwanza tuone yaliyokisibu chuo chenyewe. Washington State kiko Pullman, mji mdogo wa wakazi wapatao 30,000 uliozungukwa na vilima vya ngano, mbali na miji mikubwa ya pwani. Kwa zaidi ya miaka 100 kilikuwa katika ligi moja na vyuo vikubwa vya pwani ya magharibi, ligi iliyoasisiwa mwaka 1915 na ambayo baadaye ilijulikana kama Pac-12. Mgawo wa ligi, ambao sehemu kubwa yake ilitokana na haki za televisheni, ulikuwa ukikipatia chuo zaidi ya dola milioni 30 kwa mwaka. Kisha, kati ya mwaka 2022 na 2023, vyuo 10 kati ya 12 vilitangaza kuhamia ligi zenye mikataba minono zaidi, na wakabaki wawili tu, Washington State na Oregon State, kama watu waliorudi nyumbani wakakuta ndugu wamehama na vyombo. Tangu mwaka 2024 hao wawili wamekuwa wakiijenga upya ligi kwa kuwaalika Boise State, Fresno State, San Diego State, Colorado State, Utah State, Gonzaga na Texas State, ili ianze maisha mapya katikati ya mwaka 2026. Ni ligi ya heshima, lakini hakuna anayetarajia kwamba televisheni itailipa kama ilivyoilipa ile ya zamani.

Jeraha hilo halijapona, likaja la pili. Tarehe 6 Juni 2025, Jaji Claudia Wilken aliidhinisha mapatano ya kesi iitwayo House, ambayo wanamichezo walikifungulia chama cha michezo ya vyuo, NCAA, pamoja na ligi kubwa. Kwa mapatano hayo, kuanzia Julai 2025 chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, na wanamichezo wa miaka iliyopita wanalipwa fidia ya dola bilioni 2.8 katika kipindi cha miaka 10. Haki ya wanamichezo kulipwa siipingi hata kidogo, kwa maana waliwatajirisha wengine kwa muda mrefu mno. Kinachoniuma ni jinsi mzigo ulivyogawanywa: sehemu ya fidia hiyo inatokana na kupunguza mgawo ambao NCAA huvipelekea vyuo vyote vya Daraja la Kwanza, yaani daraja lake la juu, vikiwemo vile ambavyo havikuwahi kuonja utajiri uliozua kesi. Chuo cha ukubwa wa kati hakina milioni 20.5 za kuwapa wachezaji, na wakati huohuo kinakatwa ili kulipa deni la wakubwa.

Katika hali hiyo, Juni 2025, ndipo uamuzi wa riadha ulipotangazwa Pullman. Kwa nini mbio ndefu zikasalimika? Sababu ya kwanza ni historia, na sisi tumo ndani yake. Mwaka 1977 Samson Kimobwa, akiwa mwanafunzi wa chuo hicho, alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000. Mwaka uliofuata Rono, kijana wa Nandi kama wako, alivunja rekodi 4 za dunia katika siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Julius Korir, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya 1984 katika kuruka viunzi na maji, alisoma hapo. Peter Koech, aliyepata fedha ya mchezo huohuo mwaka 1988 na rekodi ya dunia mwaka 1989, naye alisoma hapo, na Bernard Lagat akafuata nyayo zao. Chuo chenye kumbukumbu kama hizo kingeona haya kuufunga mlango huo.

Sababu ya pili ni ya hesabu, nayo haisemwi sana. Chuo chenye timu ya futiboli ya Kimarekani katika ngazi ya juu kabisa kinatakiwa kiwe na michezo isiyopungua 16. Katika kuhesabu, mbio za nyika ni mchezo mmoja, riadha ya ndani ya majira ya baridi ni mchezo mwingine, na riadha ya nje ya majira ya machipuko ni wa tatu. Mkimbiaji wa mbio ndefu hushiriki yote mitatu, kwa kocha yuleyule na karibu kwa viatu vilevile. Ukiwa na timu ya wanaume na ya wanawake, umeshapata 6 kati ya 16 kwa gharama ndogo kuliko ya timu yoyote inayohitaji uwanja wenye paa, farasi au mashua. Kijana wako anatafutwa kwa kasi yake, hilo ni kweli, lakini anatafutwa pia kwa sababu mtu mmoja anajaza nafasi 3.

Sasa nikueleze kwa nini sifurahi. Mimi mwenyewe nilikimbia miaka 4 katika chuo cha ukubwa wa kati huko Marekani. Nilifika mwezi wa Agosti nikiwa na sanduku moja na sweta la shule. Ilipoingia Novemba, na theluji ya kwanza ikaanguka tukiwa mazoezini, aliyenitazama vidole vilivyokufa ganzi na kunivalisha koti lake hakuwa mkimbiaji mwenzangu, kwa kuwa wakimbiaji wenzangu wote walikuwa wageni kama mimi na hawakuwa na koti la ziada. Alikuwa mrusha tufe, mtoto wa mkulima wa eneo lile, mwenye mikono mipana kama sinia. Koti lilinifika magotini. Sikukuu ya Shukrani alinichukua nyumbani kwao, mama yake akanifundisha kuendesha gari shambani, na baba yake akawa anakuja mashindanoni kunishangilia mimi kuliko alivyomshangilia mwanawe. Timu iliyochanganya warushaji, warukaji na wakimbiaji ndiyo iliyonipa watu katika nchi ya watu. Ondoa warushaji, na mkimbiaji kutoka Kapsabet atabaki na Wakenya wenzake 5 katika nyumba moja ya kupanga, wakipika ugali wao vizuri tu, lakini wakimaliza shahada bila kujuana na familia hata moja ya pale.

Kuna hasara nyingine pia. Ubingwa wa ligi katika riadha hupatikana kwa kujumlisha pointi za michezo yote, kwa hiyo timu isiyoruka wala kurusha imeshakubali kushindwa kabla ya kufika uwanjani, hata kama wakimbiaji wake watashika nafasi zote za mbele katika mita 10,000. Aidha, chuo cha umma huishi kwa kodi na kwa mapenzi ya wananchi wa jimbo lake. Warushaji na wakimbiaji wa mbio fupi kwa kawaida ni watoto wa jimbo hilohilo, na wazazi wao ndio wanaopiga simu kwa wabunge na magazeti pindi timu inapotishiwa. Timu iliyobaki na wageni watupu haina wa kuipigia simu. Halafu kuna suala la visa: Juni 2025 serikali ya Marekani iliweka vizuizi kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo, na visa za wanafunzi zilihusika. Kocha aliyejenga timu yake nzima juu ya vijana wa nchi moja au mbili anaweza kuikosa yote kwa saini moja.

Uliuliza vinaelekea wapi. Kwa maoni yangu, vyuo hivi havina budi kuacha kuwafukuzia wakubwa waliokwisha kuwatangulia kwa mamilioni. Kila kimoja kikubali kuwa bora katika michezo michache ambayo mahali pake, hali yake ya hewa na historia yake vinakiruhusu, bila kuugawa mchezo vipandevipande kama ilivyofanyika kwa riadha ya Pullman. New Mexico ni mfano ninaoupenda. Ni chuo ambacho hakina umaarufu mkubwa wa futiboli, lakini Albuquerque iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na wanawake wake walitwaa ubingwa wa taifa wa mbio za nyika mwaka 2015 na 2017. Mwaka 2025 Pamela Kosgei, binti wa Kenya, akikiwakilisha chuo hicho alishinda mita 5,000 na mita 10,000 katika mashindano ya taifa ya vyuo. Mlima ule hauna wa kuuhamisha.

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mwanafunzi wa uzamili Dar es Salaam. Kama fedha ni tatizo, kwa nini vyuo hivi visifute futiboli ya Kimarekani, ambayo kila mtu anajua kwamba ndiyo inayomeza bajeti?

JIBU: Ndugu msomaji, wapo waliojaribu. Tarehe 2 Desemba 2014, Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko Birmingham, UAB, kilitangaza kufuta futiboli, boling na kulenga shabaha kwa bunduki. Wachezaji walibubujikwa na machozi mbele ya rais wa chuo, wahitimu na wafanyabiashara wa mji wakachanga fedha, na kufikia Juni 2015 uamuzi ulikuwa umebatilishwa. Timu ilirudi uwanjani mwaka 2017 ikashinda mechi 8 na kupoteza 5. Tangu hapo sidhani kama kuna rais wa chuo cha kiasi hicho anayelitamka wazo la kufuta bila kukumbuka Birmingham.

Kilichowezekana ni kushuka ngazi. Chuo Kikuu cha Idaho, ambacho kiko Moscow, kilomita zipatazo 13 tu kutoka Pullman, kilikuwa kikicheza futiboli katika ligi ya majimbo ya kusini. Timu ilikuwa ikivuka nchi nzima kwa ndege ili kucheza mbele ya mashabiki wasiojua Idaho iko wapi. Mwaka 2018 kilishuka kwa hiari yake hadi ngazi ya pili ya Daraja la Kwanza, kikawa chuo cha kwanza kufanya hivyo, na kikarudi katika ligi ya jirani zake wa milimani. Ufadhili wa futiboli ulipungua kutoka nafasi 85 hadi 63. Wapo waliolia kwamba chuo kimejidhalilisha. Lakini mwaka 2022, 2023 na 2024 timu hiyo iliingia katika mchujo wa ubingwa wa ngazi yake, jambo ambalo katika ngazi ya juu lisingetokea hata ndotoni. Mimi nauona uamuzi ule kuwa wa kiungwana, na natamani wengine wauige wakiwa bado wana nguvu za kuchagua.

Wengine wameshuka zaidi. Hartford kiliingia katika mashindano makubwa ya mpira wa kikapu ya Machi 2021, na wiki chache baadaye bodi yake ikaamua kuhamia Daraja la Tatu, ambako hakuna ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Saint Francis cha Pennsylvania kilifanya vivyo hivyo Machi 2025, siku chache tu baada ya timu yake ya kikapu kucheza katika mashindano hayohayo. Hapo nasita. Daraja la Tatu ni zuri kwa mtoto ambaye wazazi wake wana uwezo wa kulipa ada. Kwa kijana wa Mbulu au Iten, ni mlango uliofungwa.

Ujue pia kwamba futiboli ina uzito wa kisheria. Sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX inavidai vyuo viwape wanawake fursa sawa michezoni, na timu ya futiboli, ambayo sasa kwa vyuo vilivyoyakubali mapatano inaweza kuwa na wachezaji 105, wote wanaume, inahitaji kusawazishwa upande wa pili. Ndiyo maana mara nyingi utasikia mieleka, tenisi au riadha ya wanaume imefutwa, na si ya wanawake. Juu ya hayo yote, vyuo vya kati vinatumia fedha kuwalea wachezaji ambao wakubwa huwachukua wakishaiva. Cam Ward aling'ara Washington State akahamia Miami, na mwaka 2025 akachaguliwa wa kwanza kabisa na timu za kulipwa. Aliyemrithi, John Mateer, akahamia Oklahoma.

SWALI: Mimi ni mhadhiri katika chuo kikuu kimoja Tanzania, na nimo katika kamati ya michezo. Tuna wanafunzi wa kutosha, uwanja mmoja, na bajeti ndogo. Je, kuna la kujifunza kutoka huko?

JIBU: Mwalimu, lipo la kuepuka kabla ya la kuiga. Katika vyuo vingi vya kati vya Marekani, nusu ya bajeti ya michezo au zaidi hutoka kwenye ada za wanafunzi na mfuko mkuu wa chuo. Mwanafunzi ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani anachangia safari za ndege za wale wachache. Msianzie hapo. Kiwanja chenu kimoja kikiwa na taa, choo kinachofanya kazi na ratiba inayoheshimiwa, kitawafaa wanafunzi wengi kuliko jezi mpya za timu ya uwakilishi kila mwaka.

Kwa timu za ushindani, Kenya ina njia ambayo naona inatufaa zaidi kuliko ya Marekani. Blak Blad ya Chuo Kikuu cha Kenyatta na Strathmore Leos zimecheza raga katika ligi ya taifa iliyo wazi, dhidi ya klabu za watu wazima, badala ya kusubiri mashindano ya vyuo. Chagueni mchezo mmoja au miwili ambayo wilaya yenu ina mapenzi nayo, ingieni ligi ya mkoa, na mwachieni kijana wa mtaani afanye mazoezi pamoja nanyi. Siku bajeti itakapokatwa, mtaa utakuwa upande wenu.

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Mimi ni mama kutoka Arusha. Binti yangu amemaliza kidato cha sita na anakimbia mita 5,000. Kocha wa chuo kimoja cha Marekani anamtaka asaini haraka. Sisi hatuna mtu wa kutushauri. Aulize nini?

JIBU: Marahaba, mama yangu, na hongera kwa malezi. Kabla ya yote, asisaini kwa haraka ya kocha. Suleiman Nyambui wetu alitoka Tanzania akaenda Texas, katika chuo cha El Paso, akawa bingwa wa vyuo mara nyingi na kupata medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1980, kwa hiyo njia hii ni ya kweli na imewabeba watu. Lakini chuo alichokijua Nyambui kiliishi katika zama ambazo timu ya riadha haikufutwa kwa tangazo la mchana mmoja.

Binti aombe barua ya ufadhili yenyewe, si maelezo ya simu, na mwisome pamoja mstari kwa mstari. Tazameni kama ni ya mwaka 1 unaofanywa upya kila mara au ni ya miaka yote hadi shahada, na kama inataja ada peke yake au pia chumba, chakula, vitabu na bima ya afya. Akishaielewa, amuulize kocha kwa maandishi: ikiwa timu itafutwa au kupunguzwa, je, chuo kitaendelea kumlipia hadi amalize masomo? Kocha mwaminifu atajibu swali hilo siku hiyohiyo, au ataomba muda wa kumuuliza mkubwa wake. Anayekasirika amejibu tayari.

Aulize pia kama chuo kimeyakubali mapatano ya House, kwa sababu kilichokubali kinabanwa na idadi ya wanamichezo, na katika mbio za nyika idadi hiyo ni 17. Yeye ni wa ngapi katika orodha ya kocha? Mkimbiaji wa 16 hana usalama sawa na wa 4. Kuhusu fedha ambazo vyuo sasa huwalipa wanamichezo, mama, msizipigie hesabu. Visa ya mwanafunzi, F-1, ina masharti makali juu ya kazi ya kulipwa, na kosa dogo linaweza kumrudisha nyumbani kabla ya mtihani.

Halafu amwombe kocha namba za wasichana 2: mmoja aliye katika timu sasa, na mmoja aliyeiacha kabla ya kumaliza. Wa kwanza atamweleza juu ya mazoezi na baridi. Huyo wa pili ampigie akiwa peke yake, jioni yenu ambayo kule ni asubuhi, na amsikilize hadi mwisho.